Lenzi ya Uso wa Dada

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na leo hiihii nimemuumiza dada yangu. Naandika kabla sijapata muda wa kujitetea.

Dada ni fundi cherehani. Uvimbe ulio kwenye taya lake la kushoto ulianza mwaka jana ukiwa mdogo kama punje ya mahindi, tukasema ni jino. Sasa umefika ukubwa wa limau, na hospitali wamesema utatolewa pamoja na kipande cha mfupa. Amepangiwa mwisho wa mwezi wa nne. Daktari hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: uso utabadilika, mdomo unaweza kuvutwa upande mmoja, na maneno yatarudi polepole. Dada alimshukuru, akarudi nyumbani kumalizia sare za shule alizokuwa amewaahidi watu.

Leo aliniita chumbani kwake. "Mdogo wangu, nataka unipige picha kabla hawajanikata. Nikiwa kwenye mashine yangu, kuanzia kiunoni, mikono ionekane. Na usinisafishe uso kwenye kompyuta kama unavyowasafisha wateja wako."

Kamera ilikuwa begani. Nikampiga palepale. Lenzi yangu ni ile ya kuvuta iliyokuja na kamera, na tangu ianguke haivuti tena, imekwama upande mpana. Ili umpate mtu inabidi umsogelee hadi asikie pumzi zako, na chochote kilicho mbele hutoka kikubwa kuliko kilivyo. Wateja wangu wa picha za pasipoti kila siku hulalamikia pua. Kwa dada, kilichokuwa mbele ni shavu lile.

Nikamwonyesha bila kufikiri. Aliitazama picha, akavuta mtandio ukafunika shavu.

"Kumbe ndivyo mnavyoniona."

"Si wewe dada, ni lenzi."

"Sawa," akasema, akakanyaga mashine. Dada akisema sawa namna ile, ujue mazungumzo yamekwisha.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Picha za pasipoti, watu watatu, pua tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Skrubu. Jina lake halisi silijui na sidhani kama kuna anayelijua. Anatengeneza kamera na kuuza lenzi kuukuu kwenye kibanda kilichopo mtaa wa bondeni, na mdomo wake haujawahi kuhitaji matengenezo.

"Karibu, Pasipoti! Umekuja kununua au kunichungulia?"

Nikampa lenzi yangu. Akaizungusha, ikalia krr, akanirudishia. "Hii imekufa. Mimi ni fundi, sifufui."

Nikamweleza ninachotaka: lenzi ya picha za uso, isiyovuta, inayonilazimisha kusimama mbali kidogo. Hiyo ndiyo siri yenyewe na wala si siri. Ukisimama mbali, pua, shavu na sikio vinakuwa karibu sawa kwa umbali kutoka kwako, hakuna kinachojitanguliza. Kisha lenzi ndiyo inayokuletea uso karibu. Na kwa kuwa tundu lake ni pana, inakunywa mwanga hata siku ya mawingu, na vitu vya nyuma vinafifia.

Zile mpya zinazolenga zenyewe sina ubavu nazo. Kwa uwezo wangu zilikuwa mbili. Moja ni ya milimita hamsini, ya plastiki, nyepesi kama kopo la losheni. Ya pili ni ya themanini na tano, kuukuu, ya chuma, kioo chake kina rangi ya zambarau ukikiinamisha. Hiyo unalenga kwa mkono.

Nikasema nitafikiria.

Jumanne, 11 Machi

Mvua usiku na mchana. Nafikiria.

Jumatano, 12 Machi

Nimepita kwa dada na kukuta shemeji amepigilia ubao dirishani. Shemeji ni fundi rangi, na msimu wa mvua hana kazi, kwa hiyo anashinda nyumbani akikwaruza makopo. Chumba chenyewe ni kidogo: kitanda, kabati, mashine, na nafasi ya mtu mmoja kupita akiwa amejibana. Sasa kimekuwa giza, dada anashona kwa taa.

"Kwa nini umeziba, shemeji?"

"Watu wanapitapita."

Nilimkasirikia sana. Mke anaugua, yeye anamwonea aibu. Nadhani macho yangu yalisema hivyo.

Dada hakuniuliza habari za picha. Niliongea naye muda mrefu, na kila nikikumbuka sasa naona nilikuwa natazama mikono yake, au kitambaa, au sindano inavyopanda na kushuka.

Jumamosi, 15 Machi

Mama amelala kwangu kwa sababu bati la kwake linavuja. Wakati wa kuosha vyombo akasema kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu:

"Hiyo picha anayoitaka, unafikiri ni ya nini?"

"Ya kumbukumbu, mama."

"Kumbukumbu ya nani? Mtu mzima hujikumbuka mwenyewe. Picha ya namna ile huwa wanaitumia wanaobaki."

Akaendelea kuosha sufuria iliyokwisha takata. Tangu hapo neno hilo haliniachi. Ndiyo maana dada anataka ipigwe kabla. Ndiyo maana anataka mikono, mashine, kila kitu. Anataka tuwe na kitu cha kuwashikisha watu siku ile. Na anayetakiwa kubonyeza ni mimi.

Jumatano, 19 Machi

Nimerudi kwa Skrubu kuzijaribu tena zote mbili. Hamsini ni nzuri tu, hilo ndilo linaloniudhi. Inalenga yenyewe, kali, haina kasoro ya kuitaja. Lakini ukiishika unaona ni kitu cha kawaida, na mimi sitaki kumpiga dada yangu picha hiyo moja kwa kitu cha kawaida.

"Amua, Pasipoti. Hata waliooa wanne hawakuchelewa hivi."

Nikasema nitarudi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimechukua themanini na tano. Skrubu alikubali nimwachie lenzi yangu mbovu avune vipuri, pamoja na taa yangu ya kumulika, nikaongeza kidogo juu. Nilisimama kibandani kwake nikamlenga fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Mungu wangu! Makunyanzi ya jicho unayahesabu moja moja, matone ya mvua nyuma yake yamekuwa duara za mwanga, na uso wake umekaa kama alivyoumbwa. Fundi viatu akauliza kama atalipwa.

Sasa sina lenzi nyingine. Nikifika studio kuwapiga watu wa pasipoti itabidi nisimame nje ya mlango, lakini nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikulitafakari hilo.

Jumatatu, 24 Machi

Kulenga kwa mkono kunahitaji mazoezi. Nimempiga paka.

Alhamisi, 27 Machi

Nimempiga mama, nimempiga mwenye duka, nimempiga paka tena. Dada amemtuma shemeji kuuliza lini. Nikamwambia jua likitoka.

Mama alisikia. "Mchagua jembe si mkulima," akasema, bila hata kunitazama.

"Nimeshachagua, mama. Sasa najifunza kulima."

"Haya. Mvua haimsubiri anayejifunza."

Jumapili, 30 Machi

Mtaa wa bondeni umejaa maji. Wanasema vibanda vimefungwa. Uvimbe umekua, niliuona dada alipoinama kuokota pini na mtandio ukateleza. Nikageuka kutazama mvua.

Jumatano, 2 Aprili



Asubuhi hospitali wamepiga simu. Uvimbe unakwenda mbio kuliko walivyodhani, hawawezi kungoja mwisho wa mwezi. Kesho mchana alazwe, keshokutwa aingie chumba cha upasuaji.

Nikaichukua kamera nikakimbia. Dada alikuwa ameshavaa blauzi yake ya kijani, tepu ya kupimia shingoni, amekaa kwenye mashine, mtandio bado umefunika shavu. Nikapita ukutani upande wa kitanda, nikanyanyua kamera, nikaona kidevu.

Nikajibana kwenye kabati. Nikaona kichwa na bega moja. Nikapanda kitandani, nikasimama kwenye kona mgongo ukigusa ukuta kabisa, nikapata kichwa na mabega, basi. Mashine haimo. Mikono haimo. Chumba kimeniishia. Nilikuwa nimeijaribu lenzi barabara nzima ikiwa mbele yangu, nikasahau kwamba dada haishi barabarani. Ile hamsini ya plastiki, ile niliyoidharau, ingemtosha yeye, mashine na mikono yake, pale pale. Na kibanda cha Skrubu kimo ndani ya maji.

"Kuna nini?" dada akauliza.

"Hutoshi."

"Mimi?"

"Lenzi ni ndefu mno kwa chumba hiki. Tungeweza kupiga uso tu, dada. Uso unatoka vizuri."

"Nilikwambia kuanzia kiunoni."

"Najua ulichoniambia!"

"Basi toka uniache nifunge mzigo wangu." Akasimama. Sijamsikia dada akipandisha sauti tangu tukiwa watoto. "Msimu mzima unachagua lenzi, utadhani unachagua mume! Umempiga paka. Paka! Mimi niko hapa mwezi mzima na hujanitazama usoni hata mara moja. Unafikiri sikuoni? Ukiongea nami unaongea na sindano."

Shemeji alikuwa mlangoni. Mama nyuma yake, mwavuli unachuruzika. Nikasema neno ambalo nilikuwa nimelimeza tangu siku ya sufuria.

"Sitaki kupiga picha ya msiba!"

Dada akanitazama kwanza kama hajaelewa, halafu akamtazama mama, mama akatazama chini, na hapo akaelewa.

"Ya msiba?" Akakaa tena kwenye kiti chake. "Nyie watu mmeshanizika?"

Mama akafunga mwavuli.

"Mimi kazi yangu ni nini?" akaniuliza.

"Kushona."

"Mteja akiniletea kitambaa nakikata kwa kukisia?"

"Hapana."

"Nampima. Akiwa na mfano wa nguo anayoitaka naubandika ukutani mbele ya macho yangu, kila nikishika mkasi natazama. Sasa keshokutwa kuna mtu atakata uso wangu. Ameniona mara tatu, zote nimelala chali mdomo wazi chini ya taa yake. Hajawahi kuniona nikiwa kazini. Hajui nikicheka mdomo unapanda wapi. Nataka abandike ukutani. Picha ni ya daktari, mdogo wangu. Ni kipimo."

Nililia. Siandiki zaidi ya hapo, nililia kama mtoto, na dada akanipa kipande cha kitambaa cha sare nijifute.

Kisha nikamgeukia shemeji, maana hasira hutafuta pa kukaa. "Na wewe ungeacha dirisha wazi tungekuwa na mwanga angalau."

"Mimi ndiye niliyemwomba azibe," dada akasema. "Alikataa siku mbili."

Shemeji alikuwa anatazama makopo yake ya rangi. Nimeomba radhi. Akasema yameisha, na nadhani kweli kwake yameisha.

Alhamisi, 3 Aprili

Nilifika asubuhi na mapema bila jibu. Mvua inanyesha ile ya kukaa, isiyo na haraka. Shemeji amekwisha kuung'oa ubao dirishani, lakini dirisha ni dogo na halikuongeza hata hatua moja ya nafasi.

Nikatoka nje kuvuta pumzi. Mlango wa chumba cha dada unafungukia uani, na uani ndipo wapangaji wote wanapofulia na kupikia wakati wa mvua, chini ya bati. Nikiwa pale katikati ya uwanja, nimeloa, nikageuka. Mlango ulikuwa wazi. Ndani nikaona mguu wa mashine.

Nikanyanyua kamera. Kutoka pale, themanini na tano iliona mlango mzima. Mwanga wa mawingu ulikuwa unaingia humo taratibu bila kivuli kikali, mwanga ambao watu hununua mitambo kuutengeneza.

Nikarudi ndani mbio. "Dada, tukigeuza mashine ikutazamishe mlangoni, mimi nikakaa nje, unatosha. Wewe, mashine, mikono, vyote."

Dada hakutazama mashine. Alitazama uani. Chini ya bati kulikuwa na majirani zake wote, wanawake aliowashonea, ambao tangu mwaka jana wanamwona mtandio tu.

"Mlango uwe wazi?"

"Wazi kabisa. Na mtandio..."

"Najua habari ya mtandio."

Mashine yake ni ya zamani, miguu ya chuma, watu wawili huhema kuisogeza. Shemeji aliikumbatia peke yake akaigeuza, mishipa imemsimama shingoni, akaiweka chini pasipo hata kishindo. Halafu akatoka, akasimama uani kwenye mvua, akawatazama majirani. Waliokuwa wanaongea wakapunguza sauti, na mmoja, muuza mkaa, akasema tu, "Habari za asubuhi, fundi," kwa dada, sauti ya kawaida ya kila siku.

"Nzuri," dada akajibu. Akavua mtandio, akaukunja, akauweka kwenye droo.

Mama alinishikia mwavuli juu ya kamera, mimi mwenyewe maji yakinishuka mgongoni. Lenzi hii hailengi yenyewe. Ukitaka jicho liwe kali huna ujanja, lazima ulitazame jicho, uzungushe, upite, urudi, utazame tena. Ndivyo nilivyomtazama dada yangu kwa mara ya kwanza msimu huu. Shavu ni kubwa, ngozi imenyooka inang'aa, jicho la kushoto limesukumwa kidogo juu. Nililitazama lote. Na katikati yake alikuwa yeye, yuleyule aliyekuwa akinipiga kofi nikichezea mkasi wake.

"Usitikisike," nikamwambia.

"Mimi nimetulia. Anayetikisika ni huyo mwenye mwavuli."

"Mvua ni yenu, mwavuli ni wangu," mama akasema, na dada akacheka, mdomo ukapanda pale unapopandaga.

Nikabonyeza.

Nimeichapa studio kwa mashine ya picha za pasipoti, kwa karatasi kubwa zaidi niliyokuwa nayo. Sikumsafisha. Hospitali dada alimkabidhi daktari mwenyewe, mbele yetu.

"Hii niiweke wapi?" daktari akauliza.

"Ukutani," dada akasema. "Mimi nikikata huwa naweka."

Daktari akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Ijumaa, 4 Aprili

Ameingia asubuhi. Jioni hii bado hatujaambiwa kitu. Mvua.

Jumamosi, 5 Aprili

Ametoka salama. Amelala. Kichwa chote bandeji.

Jumanne, 8 Aprili

Homa. Wametutoa wodini. Shemeji hajala tangu jana, nikamnunulia chai na mkate, nikakaa naye kwenye benchi. Amenisimulia kwamba mwezi mzima yeye ndiye aliyekuwa akiwapelekea wateja nguo zao kwa miguu kwenye tope, ili wasije nyumbani. Nilikuwa nikiyaona matope yale kwenye suruali yake nikidhani anatoka kuzurura.

Alhamisi, 10 Aprili

Homa imeshuka.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua imepungua, leo ni manyunyu tu.

Bandeji wamezibadilisha, sasa uso unaonekana kiasi. Upande wa kushoto umeingia ndani, mdomo umevutwa. Hawezi kusema bado. Nilijitayarisha njiani nisiogope, na nimeogopa hivyo hivyo, lakini sikugeuka.

Daktari alipita akamrudishia picha. Kwenye pembe zote nne kuna mabaki ya plasta ya hospitali.

"Ilikuwa mbele yangu muda wote," akamwambia. "Mdomo nimeusogeza hadi pale nilipoweza. Haukufika kama hapa. Uvimbe ukishuka utapanda kidogo zaidi, lakini sitakudanganya kwamba utafika."

Dada akatikisa kichwa kwamba amesikia. Alipoondoka daktari, akaigusa plasta kwenye pembe moja kwa kidole, akaipapasa kama anavyopapasa pindo kuona kama limekaa. Kisha akaniwekea picha mapajani, akanyoosha kidole kwenye begi langu.

"Kamera? Sasa hivi?"

Akagonga bega lake, halafu akagonga kiuno. Ndivyo anavyowaonyesha wateja kipimo kinapoanzia na kinapoishia.

Nikaitoa. Nikarudi nyuma, nikaona bandeji tu. Nikarudi hadi kitanda cha jirani, nikaomba radhi, nikarudi tena. Nikafika mlangoni, nikatoka hadi kwenye korido. Mlango ukaanza kujifunga mbele yangu na nesi akaniuliza, "Dada, unaondoka? Muda wa kuona wagonjwa haujaisha."

"Siondoki. Namtafutia nafasi atoshe. Nisaidie kushika mlango."

Akaushika. Kule mwisho wa wodi dada aliondoa mtandio ambao manesi walimfunika kichwani, akaweka mikono yake miwili juu ya shuka, mmoja mbele na mmoja nyuma, kama inavyokaa kwenye mashine. Akanitazama. Nikaizungusha pete ya lenzi, nikapita, nikarudi, nikamtazama hadi jicho lake likakaa sawa.